Somo la ufundi: Kujitengenezea mihuri ya chuma ya kupiga alama kwenye ngozi



Huku kwetu Masisi, ngombe ni benki. Ndiyo inalipa masomo ya watoto, ndiyo inalipa hospitali, na maziwa yake yanatoa fromaji inayoshuka mpaka Goma. Lakini mara nyingi ngombe za watu wengi zinachungwa na mchungaji mmoja. Na siku watu wanakimbia, makundi yanachanganyika njiani. Wakirudi, mabishano yanaanza: "Ule mtamba ni wangu." "Hapana, ni wangu." Mwenye hana alama anabaki na maneno tu.

Wafugaji wengi wanachoma alama kwa chuma cha moto kwenye ubavu. Alama hiyo haipotei, lakini inaharibu ngozi pale pale ambapo iko na bei. Kama ni lazima kuchoma, choma chini kwenye mguu au kwenye shavu. Leo tunajifunza njia ingine ya kusaidia: mukaba wa ngozi shingoni, wenye alama ya koperative na alama ya familia. Alama zinapigwa na mihuri ambayo tutatengeneza sisi wenyewe kwa misumari na bulo za zamani. Mihuri ile ile inaweza kupamba mikaba ya suruali na mifuko ya kuuza ku soko.

1. Ngozi gani inakubali alama?

Si kila ngozi. Ngozi iliyolainishwa kwa maganda ya miti inashika alama vizuri. Ngozi ya kiwanda iliyolainishwa kwa dawa ya kromu inarudi kama mpira: unapiga, kisha alama inapotea. Namna ya kujua: weka tone la maji juu yake. Ngozi ya maganda inakunywa maji na inakuwa nyeusi kidogo mahali pale. Tena, kata kando kidogo na uangalie ndani. Ukiona rangi ya buluu-kijivu, hiyo ni ya kromu.

Maganda tuko nayo. Akasia nyeusi, ile tunapanda kwa ajili ya makala, iko na tanini nyingi sana kwenye ganda lake. Watu wa makala wanatupa ganda. Mufugaji angeliomba. Lakini usiloweke ngozi na maganda ndani ya pipa la chuma, juu tanini ikikutana na chuma inatoa rangi nyeusi kama wino. Tumia bido ya plastiki au mtumbwi wa mti.

2. Vyombo vya kutafuta

- Misumari mikubwa ya sentimita 15, au bulo za unene wa milimita 10 hivi. Kipande cha ferabeto cha milimita 12 nacho kinafaa.
- Msumeno wa kukata chuma.
- Tupa mbili, ambazo mafundi wengi wanaita lime: moja bapa, moja ya pembe tatu.
- Musumari mmoja mgumu wa beto, wa kuchimbia.
- Karatasi ya msasa na kipande cha sabuni ngumu.
- Nyundo ya mti mgumu, kama mti ule wanatengeneza nao chukudu.

Watu wengine wanafikiri muhuri lazima uwe wa chuma kigumu sana. Kwa kuandika juu ya chuma, ndiyo. Lakini ngozi yenye maji ni laini, na musumari wa kawaida unaishinda. Kwa hiyo hatuna haja ya kununua chuma cha bei.

Ukiona bulo imeandikwa 8.8 au 10.9 kwenye kichwa, ujue ni ngumu na itamaliza tupa yako. Ilainishe kwanza: iweke ndani ya makala ya babula mpaka iwe nyekundu, kisha ifukie ndani ya majivu makavu ipoe polepole usiku mzima. Usiimwagie maji.

Angalisho kubwa: usichome chuma chenye kupakwa zinki, kile kinang'aa kijivu-nyeupe kama mabati. Moshi wake ni sumu, unaleta homa na kifua. Chuma cha namna hiyo kiache kabisa, tafuta kingine.

3. Kutengeneza muhuri hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza. Kata chuma urefu wa sentimita 10 mpaka 12. Kikiwa kifupi utajipiga vidole. Kikiwa kirefu kitayumba.

Hatua ya pili. Sawazisha uso mmoja kwa tupa bapa. Simamisha chuma juu ya kioo. Kikisimama chenyewe bila kuinama, uso uko sawa. Kazi hii usiikimbilie, juu uso ukiinama alama itaonekana upande mmoja tu.

Hatua ya tatu. Chora alama kwa ncha ya musumari. Kumbuka kwamba muhuri unageuza kushoto na kulia, kama kioo. Lakini herufi A, H, I, M, O, T, U, V, W, X na Y hazina shida, zinabaki vile vile. Katika jina MUHETO, ni E peke yake inapaswa kuchongwa kinyume. Kwa hiyo koperative ya Muheto ikichagua M, kazi iko rahisi.

Hatua ya ine. Toa chuma pale ambapo hutaki kionekane. Kwa msalaba, piga tupa ya pembe tatu kwenye pembe ine na uache mikono ya msalaba imesimama. Kwa pembetatu, punguza pande tatu. Kwa mstari, punguza pande mbili mpaka ubaki ukingo wa unene wa milimita 2. Kwa duara, weka ncha ya musumari wa beto katikati, piga, panua shimo kidogo kidogo, na uache mdomo wa pembeni. Kwa M, chukua bulo au ferabeto, juu musumari uko mwembamba. Kina cha milimita 1 na nusu kinatosha.

Hatua ya tano. Kila mara bonyeza muhuri kwenye sabuni na uangalie. Sabuni inakuonyesha alama sawa vile itakuwa kwenye ngozi, na kosa linarekebishwa mapema. Ni rahisi kutoa chuma, lakini kukirudisha haiwezekani.

Hatua ya sita. Sugua kingo zote kwa msasa zisiwe na makali. Muhuri wenye makali hauandiki, unakata, na pale ulipokata ndipo mukaba utapasukia. Mwisho, laza pia kingo za upande wa kupigwa nyundo.

4. Kupiga alama

Futa ngozi kwa kitambaa chenye maji safi, pande zote mbili. Ngojea. Wakati rangi yake ya kwanza inaanza kurudi, lakini ukiiweka kwenye shavu bado unasikia baridi, hapo ndipo saa imefika. Ikiwa na maji mengi, alama inajifunga. Ikiwa kavu, alama haiingii.

Laza ngozi juu ya jiwe bapa lisilo na mabonde, au kipande kinene cha chuma. Simamisha muhuri wima, ushike kwa nguvu, piga mara moja kwa nyundo ya mti. Ukipiga mara mbili na muhuri umesogea, utapata alama mbili. Nyundo ya chuma inapasua kichwa cha muhuri, na vipande vinaweza kuruka ndani ya macho. Watoto wakae mbali.

Kumbuka ile habari ya tanini na chuma: muhuri wenye kutu utaacha doa jeusi kwenye ngozi. Pangusa muhuri kila mara, usiuache umelala juu ya ngozi yenye maji, na ukimaliza upake mafuta kidogo. Doa likitokea, maji ya ndimu yanaweza kulipunguza.

Anika kivulini, si kwa jua wala karibu na moto. Ikikauka vizuri, paka mafuta ya ngombe yasiyo na chumvi. Usipake mbele ya kupiga alama, juu maji hayataingia tena. Kwa mvua zetu za huku juu, rudia mafuta kila mwezi.

5. Mihuri mitano inatosha koperative nzima

Kila familia haina haja ya muhuri wake. Koperative itengeneze mitano: M ya koperative, kisha mstari, duara, msalaba na pembetatu. M inakuja kwanza, halafu alama tatu za familia. Mfano: M, duara, duara, mstari ni familia moja. M, mstari, duara, duara ni ingine.

Tuhesabu. Nafasi ya kwanza iko na alama ine za kuchagua, ya pili ine, ya tatu ine. 4 mara 4 mara 4 ni 64. Mihuri mine tu inatoa majina ya familia 64. Mkiongeza muhuri mmoja, mnafika 125. Na M inasaidia tena: ukiona W, ujue mukaba umegeuzwa chini juu, na ukishaona M unajua pa kuanzia kusoma.

Chagueni alama isiyo ya ukoo mmoja, kabila wala chama. Ikiwa ya kikundi kimoja, itagawanya watu badala ya kuwalinda.

6. Kaye na mtunzaji

Muhuri bila kaye ni pambo tu. Sekretere aandike kwa kila ngombe: alama ya familia, jina la mwenyewe, rangi, pembe, umri, dume au jike. Mihuri ikae kwa mtu mmoja na kaye kwa mtu mwingine, ili hakuna anayeweza kupiga alama peke yake. Na kwenye M, chongeni kwa siri kovu dogo la tupa. Mwizi akitengeneza M yake, haitakuwa na kovu lile.

Tuseme ukweli: mukaba unaweza kukatwa kwa kisu. Ndiyo maana rangi na pembe zinaandikwa, na ndiyo maana mukaba hauchukui nafasi ya karatasi ya veterinere. Lakini kwenye makundi yaliyochanganyika, ambapo hakuna mwizi ila kuna mabishano ya watu wawili wa kweli, mukaba na kaye vinaweza kumaliza palaver mbele haijafika kwa mapanga.

Kwa afya ya ngombe: kiganja chako kiingie bapa kati ya mukaba na shingo bila kusukuma. Ndama anakua haraka, kwa hiyo legeza kila mwezi, na angalia kupe na vidonda chini ya mukaba.

Kazi ya kufanya mbele ya mkutano unaofuata

Kila kikundi kilete muhuri mmoja wa mstari, wa musumari, na kipande cha ngozi chenye alama kumi zilizopigwa kwenye mstari mmoja. Tutaziangalia pamoja: zile zenye kina sawa na zile zilizoinama. Kikundi ambacho mstari wake umenyooka ndicho kitachonga M ya koperative.