Ukimwandika Winga wa Kariakoo: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Usimpe jina linalomhukumu kabla hajafungua mdomo. Katika Adili na Nduguze (1952) Shaaban Robert aliwaita ndugu watatu Adili, Hasidi na Mwivu, na kwa ngano ile majina yalifaa. Mtaa wa Kongo, hapo Kariakoo, jina la mtu halikwambii kama utapigwa bei.

Mwandike akiwa kazini. Winga hana fremu ya duka wala mtaji. Anakudaka njiani, anakuita "bosi wangu", anakupeleka kwenye duka la mtu, na bei anayokutajia ina cha juu chake ndani. Suruali ya elfu ishirini inakuwa thelathini, naye anaapa kwamba hapati hata mia. Jioni ile ile anamlipia kijana mgeni kutoka mkoani deni lake kwa mama lishe. Usituambie ipi ndiyo tabia yake ya kweli. Zote ni zake, na hela iliyolipa deni ndiyo ile ya cha juu. Hapo ndipo msomaji anapomganda mhusika: hawezi kumpenda akapumzika, wala kumchukia akapumzika.

Mpe sababu, usimpe udhuru. Usiseme umaskini ulimfanya. Mtaa mzima una shida na wengi hawadanganyi mtu. Kodi ya chumba inadaiwa, sawa, tuonyeshe. Lakini mama aliyenunua suruali ile akapigwa elfu kumi naye awe na sura, na nauli ya kurudi Mbagala aliyoihesabu mara mbili. Waandishi wengi huteleza hapa. Wakishampenda mhusika wanamficha aliyeumizwa, na hiyo ni dhuluma ya pili.

Soma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) kabla hujashika kalamu. Kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, baadaye kikasomwa humo humo. Zakaria ni mlevi anayempiga bintiye Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana, na ukali aliodhani unamlinda Rosa ndio uliomtoa nyumbani bila kujua kujilinda. Kezilahabi hakumsamehe baba, wala hakumfanya binti malaika.

Usimgonge mhusika na gari ukurasa wa mwisho ili haki ionekane. Huo ni uvivu. Rosa alijiua, na hata hivyo kifo chake hakikufunga mjadala wa nani mwenye kosa.

Ruhusu swali libaki. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein (1969), Kinjeketile anawapa watu maji ya kuwakinga na risasi, nayo yanawaunganisha. Risasi za Wajerumani hayazizuii. Akiwa mikononi mwao anakataa kuyakana. Shujaa au mdanganyifu? Mwandishi hakutupa jibu, na alifanya vema.

Usiandike winga wa kusimuliwa. Nenda Kariakoo asubuhi, simama karibu na fremu, msikilize akifunga bei na mteja mpaka mwisho. Kama hujafanya hivyo, hadithi yako usiipeleke kwa mchapishaji.