Lambo la Uani na Kichocho

Mvua za Dodoma hukatika Aprili, na wapo wanaochimba lambo bustanini kutunza maji. Watoto nao huogelea humo. Ulaya bwawa la namna hii hupandwa majani yasafishe maji. Kwetu majani hayo huwa makazi ya konokono wa kichocho. Mgonjwa akikojoa humo, vijidudu hukulia ndani ya konokono, kisha hupenya ngozi ya anayeoga. Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama kisha kuyaoga.

Ng’oa majani ukingoni. Maji ya kuoga na kutawadha yakae siku mbili pipani bila konokono; vijidudu hivyo hufa. Ya kunywa bado yachemshwe. Mtoto akikojoa damu apimwe zahanati, atibiwe kwa prazikwanteli. Si dalili ya kubaleghe, kama wengine wasemavyo.