Mdogo Wangu, Kibao cha Rangi Si Pambo

Sogea hapa, mdogo wangu, tuongee. Umeanza kuchora, na hata picha ya kwanza hujaimaliza, roho yako yote iko kwenye kile kibao cha mbao cha kuchanganyia rangi, chenye tundu la kidole gumba, eti ndicho wanachoshika wachoraji wakubwa. Sikulaumu, wengi wameingia mlango huo huo. Lakini kile ni cha rangi za mafuta na cha mtu anayechora amesimama. Wewe unachora kwa akriliki, tena umekaa mezani!

Kwanza jiulize unatumia rangi gani. Akriliki ikishakauka hairudi kwa maji. Kwa hiyo changanyia juu ya kioo: nenda kwa fundi vioo akukatie kipande, asugue kingo zisikuumize, nawe uweke karatasi nyeupe chini yake. Rangi ikiganda, ikwangue kwa wembe, itabanduka. Na kama joto linakuwahi kuikausha rangi, tandika kitambaa chenye maji kwenye sinia, juu yake karatasi ya kuokea, uchanganyie hapo. Ukipumzika, funika.

Rangi za maji zinataka sahani nyeupe ya udongo. Plastiki mpya huyakusanya maji matone matone, hujui rangi imekoza au imepauka. Rangi ya enameli nayo ichanganyie kwenye kopo la bati, kwa sababu kiyeyushi chake huweza kuila plastiki. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia enameli hiyo hiyo juu ya hadibodi, na jina lake tunalo mpaka leo. Na ukija kwenye rangi za mafuta, hapo sawa, nunua kibao chako cha mbao. Ila kipake mafuta ya kitani kwanza, uyaache yakauke, la sivyo kitanyonya mafuta ya rangi zako.

Sasa nisikilize vizuri. Kibao kidogo kinavunja moyo. Rangi zinaingiliana, kila unachochanganya kinageuka tope, unakaa chini unanuna na kusema huna kipaji. Kipaji unacho, nafasi ndiyo huna! Panga rangi pembeni, katikati paache wazi, na mpangilio usiubadilishe kila siku, mkono uzoee. Tena kisafishe ukimaliza. Nazi mbovu harabu ya nzima: bonge la jana litaichafua njano ya leo.

Na ile sahani ya udongo nairudia, maana nakujua. Ikishaingia rangi, isirudi jikoni, hata uioshe vipi. Rangi nyingine zina kadimiamu, na baadhi ya enameli zina risasi. Iandike jina lako, iweke mbali na watoto, wala usimwachie mama aikute kwenye beseni la vyombo.

Haya, hela ya kile kibao usiitupe. Kanunue nyeupe ya akiba, maana hiyo ndiyo huisha kwanza.