Baada ya Kung'oa Jino: Linda Damu Iliyoganda

SOMO LA AFYA

Saa nne asubuhi umeng'olewa gego. Kufikia saa nane mchana ganzi imeisha, umekaa kivulini karibu na stendi ya Shanzu, na muuza madafu amekuchongea moja na kulitia mrija. Dafu ni baridi, halihitaji kutafunwa, na koo limekauka. Unavuta mara mbili tatu, kisha unasikia ladha ya damu mdomoni.

Dafu halina kosa. Kosa ni mrija. Ili kuelewa kwa nini, tuangalie kinachoendelea ndani ya pengo.

Kazi ya donge la damu

Jino likitoka huacha tundu ndani ya mfupa wa taya. Damu hujaa humo na kuganda. Donge hilo si uchafu wa kutemwa. Ndiyo bandeji ambayo mwili umejifungia wenyewe: hufunika mfupa na mishipa ya fahamu, na nyama mpya huota juu yake.

Ukivuta kwa mrija, ukitema mate kwa nguvu au ukisukutua mapema, donge linaweza kung'oka. Mfupa ukibaki wazi, unapata tatizo ambalo madaktari huliita tundu kavu. Maumivu yake huzidi kati ya siku ya pili na ya nne, wakati ambapo ulitarajia nafuu. Hupanda hadi sikioni, na mdomo hutoa harufu mbaya. Kwa meno ya kawaida huwapata watu wachache, takriban 2 hadi 5 kati ya 100. Hatari ni kubwa zaidi kwa magego ya mwisho ya taya ya chini na kwa wanaovuta sigara.

Kabla hujafungua mdomo

Mwambie daktari ukweli wote: presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, ujauzito, na dawa yoyote unayotumia, hasa ya kuzuia damu kuganda. Usiache dawa hizo kwa uamuzi wako. Pia hakikisha anayekuhudumia amesajiliwa na ana leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Kuuliza si utovu wa adabu.

Saa 24 za kwanza

• Uma pamba uliyopewa kwa dakika 30 hadi 45 bila kuitoa kila mara kuangalia. Mate yenye rangi ya damu ni jambo la kawaida siku hiyo.
• Usisukutue na usiteme kwa nguvu. Mwenye kutawadha amweleze shehe wake ushauri huu wa daktari.
• Kunywa kwa kikombe, si kwa mrija. Dafu limimine kwenye glasi.
• Ngoja ganzi iishe kabla ya kula, usije ukajiuma ulimi au shavu. Kisha kula vyakula laini visivyo moto: uji uliopoa, mtindi, ndizi mbivu, viazi vya kuponda.
• Funga barafu kwenye kitambaa, weka shavuni kwa dakika 10 hadi 15, pumzisha, kisha rudia.
• Lala ukiwa umeinua kichwa kwa mito. Usibebe mitungi ya maji wala mizigo mizito.
• Meza dawa ya maumivu jinsi ulivyoelekezwa. Usiongeze aspirini kwa hiari yako, kwani huzidisha kutoka damu.

Kuanzia siku ya pili

Sasa maji ya chumvi yanafaa. Koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu, jaza mdomo, inamisha kichwa upande huu na ule, kisha yaache yamwagike yenyewe. Fanya hivyo baada ya kula. Piga mswaki meno mengine kama kawaida, ila pitia mbali na kidonda.

Viazi karai, kachiri na pilipili visubiri. Mabuyu nayo yasubiri: kuyafyonza ni sawa na kuvuta mrija.

Muguka, miraa na sigara

Hapa ndipo wengi hukwama. Majani ya muguka hutafunwa kwa saa nyingi na kuwekwa shavuni, na vipande vyake huingia kwenye kidonda. Moshi wa sigara hupunguza damu inayofika kwenye ufizi, na ule mvuto wenyewe hulegeza donge. Acha angalau kwa siku 3; wiki nzima ni bora zaidi.

Na karafuu je?

Wazee hawakukosea. Mafuta ya karafuu yana kiambato kinachotuliza maumivu, na madaktari hutumia dawa yenye kiambato hicho kutibu tundu kavu. Lakini hupimwa na kuwekwa baada ya tundu kusafishwa. Usishindilie unga wa karafuu kwenye kidonda kibichi.

Rudi hospitalini ukiona haya

Damu ikiendelea kutiririka, uma pamba safi kwa nguvu kwa dakika 30. Isipokoma, nenda kituo cha afya. Rudi pia ukipata homa, usaha, uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu, au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua. Ukishindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, usingoje asubuhi. Nenda mara moja kwenye idara ya dharura iliyo karibu. Uvimbe wa taya ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa.

Pengo lenyewe

Ufizi hufunga kwa wiki chache, lakini mfupa huchukua miezi. Meno ya jirani huweza kuinamia pengo, kwa hivyo muulize daktari kama unahitaji jino bandia.

Jipime

1. Kwa nini dafu linywewe kwa glasi?
2. Maji ya chumvi huanza lini?
3. Maumivu yakizidi siku ya tatu, utafanya nini?

Ukiweza kuyajibu, msomee na jirani aliyeshika shavu.