Kazi ya Mbali Hukufuata Ulipo

Wadogo zangu wa Baraka, wa Fizi kilimani, wa Mboko, wa Sebele na wa Kazimia. Leo nataka tukae chini tuzungumze taratibu, maana swali hili nimeletewa na wengi wenu, na kila anayeliuliza ananiuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeficha barua.

Swali lenyewe ni hili: “Yaya, nimeona kwenye simu vijana wanaofanya kazi wakiwa kisiwani huko Thailand. Kompyuta iko mezani, bahari iko mbele yao, dafu liko pembeni. Sasa kuna mtu ameniandikia kwamba anaweza kunipeleka, kazi ipo, tiketi atalipa yeye. Niende?”

Nitakujibu kama ningemjibu mdogo wangu wa tumbo moja.

Kwanza, ndoto yako haina aibu. Visiwa hivyo vipo kweli. Koh Phangan, Koh Samui, Koh Lanta: hilo neno “Koh” kwao maana yake ni kisiwa. Watu wanaishi pale miezi mingi huku wakitengeneza programu, wakichora, wakitafsiri, wakifundisha lugha kupitia intaneti. Tangu Julai 2024 serikali ya Thailand ina viza maalumu kwa watu wa aina hiyo. Inadumu miaka 5, na kila unapoingia unaruhusiwa kukaa siku 180. Lakini soma masharti yake, mdogo wangu. Lazima uonyeshe kwamba una akiba benki ya baht 500,000, yaani zaidi ya dola 13,000. Lazima pia uonyeshe kwamba tayari una kazi au wateja walio nje ya Thailand. Ukitaka kuajiriwa na kampuni ya Thailand yenyewe, hapo unahitaji kibali kingine cha kazi.

Umeona hapo? Yule kijana unayemtazama kwenye simu hakwenda kisiwani kutafuta kazi. Kazi aliipata kwao, kwenye chumba chake, labda miaka mitatu kabla hajaona bahari. Kisha akaibeba. Anayekuambia kwamba kazi utaikuta mbele ya safari anakuuzia picha ya mwisho ya hadithi huku akikuficha mwanzo wake.

Na kuna jambo baya zaidi, nalo sitalisema kwa mafumbo. Ahadi ya kazi ya kompyuta Thailand imewameza vijana wengi wa Afrika Mashariki. Mtindo ni mmoja. Tangazo linasema huduma kwa wateja, kuandika takwimu au kufundisha. Mshahara ni mnono, na tiketi ni ya bure. Kijana anatua Bangkok, anapokewa na gari, na gari halielekei kisiwani. Linakwenda saa nyingi hadi Mae Sot, mpakani, halafu anavushwa mto Moei usiku hadi Myawaddy, nchini Myanmar. Huko ananyang’anywa pasipoti na kufungiwa ndani ya ua wenye walinzi. Analazimishwa kukaa kwenye kompyuta akijifanya mpenzi au mfanyabiashara ili awaibie watu wa nchi nyingine. Asipofikisha kiasi anapigwa, na akitaka kutoka, ndugu zake wanadaiwa fidia.

Mnamo Agosti 2023, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema kuna makadirio ya watu wasiopungua 120,000 walioshikiliwa hivyo Myanmar, na wengine kama 100,000 Kambodia. Februari 2025, nyua hizo zilipobanwa, maelfu walitolewa, na kati yao walikuwamo Wakenya, Waganda na Waethiopia. Wengi wao walikuwa vijana waliosoma, wanaojua kompyuta, wanaoandika Kiingereza vizuri. Kwa hiyo usijiambie kwamba wewe una akili, huwezi kunaswa. Matapeli hao huwatafuta hasa wenye akili.

Basi mtu akikuandikia, mpime hivi.

Muulize jina la kampuni, anwani yake na mkataba ulioandikwa, ukiwa bado hapa Baraka. Akisema mkataba utausaini ukifika, achana naye.

Muulize ni viza gani. Akisema uingie kama mtalii halafu mambo yatarekebishwa, anakupeleka mahali ambapo hutakuwa na haki ya kulalamika popote.

Muulize kwa nini kazi ya kompyuta haiwezi kuanzia hapa. Mwambie akupe kazi ya wiki moja, uifanye ukiwa kwenu, akulipe, kisha ndiyo muongee habari za safari. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, kwa sababu kazi ya mbali humfuata mtu alipo. Kazi ya mtandaoni inayodai upande ndege kwanza, hiyo ni mtego mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Halafu angalia kama anakuomba unyamaze. Akisema usimwambie mama, mwambie mama leo hii.

Na kama tayari una ndugu aliyekwenda na sauti yake imebadilika kwenye simu, hifadhi namba hizi: ndani ya Thailand, 1300 ni ya msaada kwa waathirika wa biashara ya watu, na 1155 ni ya polisi wa watalii. Shirika la kimataifa la uhamiaji, OIM, nalo husaidia watu kurudi kwao. Usimlaumu ndugu yako. Mtoe kwanza.

Sasa tuje nyumbani. Wahenga walituachia neno: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni upi?

Tuanze na saa. Mtu aliye kisiwani Thailand yuko mbele yetu saa 5. Mteja wake wa Brussels au Paris akifungua ofisi asubuhi, kwake ni alasiri, na akitaka kuzungumza naye mpaka mwisho wa kazi, anakesha. Sisi hapa Baraka, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, saa yetu ni ile ile ya Brussels. Miezi mingine tunawatangulia saa 1 tu. Mteja akiamka, na wewe umeamka. Hiyo ni faida ambayo mtu wa Koh Phangan hainunui kwa pesa.

Kisha lugha. Wengi wenu mnaongea Kibembe, Kifuliiru au Kibwari nyumbani, mmesoma kwa Kifaransa, na Kiswahili ndicho cha sokoni na kanisani. Na wapo wengi kati yenu waliokulia Nyarugusu, kule Kasulu, Tanzania, kambi ya wakimbizi iliyopo tangu 1996. Nyinyi mnajua Kiswahili cha Tanzania cha darasani na Kiswahili chetu cha huku, na mnajua mahali vinapoachana. Shirika likitaka ujumbe wa kipindupindu uliotoka kwenye Kifaransa umfikie mama anayeanika ndagala ufukweni, linahitaji mtu wa namna yako. Kutafsiri, kuandika mahojiano yaliyorekodiwa, kuweka maandishi kwenye video, kusoma kwa sauti: hizo ndizo kazi ambazo milango yake iko karibu nawe. Lakini lugha bila ujuzi wa kazi haitoshi. Jifunze kuchapa haraka bila kutazama vidole. Jifunze kupanga hesabu kwenye jedwali. Jifunze Kiingereza cha kuandika barua fupi isiyo na makosa.

Umeme na mtandao najua vinatusumbua, kwa hiyo tuvihesabu badala ya kuvilalamikia. Paneli ya wati 100 na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ukitumia nusu tu ya betri ili isife mapema, vinakupa kama wati-saa 600 betri ikiwa imejaa. Kompyuta ndogo inayokula wati 50 itakwenda kama saa 10, ukitoa kile kinacholiwa na inveta. Peke yako ni gharama kubwa. Likelemba ya wasichana 5 inaweza kuifikia, mkafanya kazi kwa zamu chumba kimoja mchana, mkachajisha na simu za majirani kwa franka kidogo. Miliki kadi mbili za SIM za mitandao tofauti, zote ziandikishwe kwa jina lako, maana mtandao mmoja ukilala mwingine huwa macho. Fanya kazi bila mtandao, utume ukiwapo. Na tangu Mei 2025 mamlaka ya mawasiliano ya nchi yetu, ARPTC, imeipa Starlink, intaneti ya setilaiti, leseni. Chombo chake nacho ni kitu cha kununuliwa na kikundi, msikinunue mmoja mmoja.

Sasa pesa, na hapa nakuonya kwa kidonda changu mwenyewe. Kazi yangu ya kwanza ya mtandaoni nilitafsiri kurasa 40. Nilikesha, nilinunua mega kwa hela ya chumvi, nikatuma zote kwa pamoja. Mteja akasoma, akanyamaza, hakulipa hata franka. Nililia siku mbili. Tangu hapo nina sheria: mteja mpya hutanguliza nusu, na kazi ndefu huitoa kwa vipande, kila kipande na malipo yake. Kabla ya kukubali, uliza pesa itafikaje mkononi mwako na nani atakata kiasi gani njiani. Na ujue muda wako: kuandika saa 1 ya mahojiano huchukua saa 4 hata zaidi za kusikiliza na kuchapa. Ukikubali bei ya saa 1, umefanya kazi ya saa 4 kwa bei ya saa 1. Wala usilipe mtu yeyote ada ili akupe kazi. Mwajiri hulipa, haombi.

Kuna vita nyingine ambayo hakuna video ya kisiwani inayoionyesha, nayo ni ya nyumbani. Msichana aliyekaa na kompyuta kwenye baraza, kwetu anahesabiwa kwamba amekaa bure. Ataitwa achote maji, atwange sombe, ambebe mtoto wa kaka. Na akishika simu usiku, majirani wataanza maneno. Mdogo wangu, usigombane. Mkalishe mama na baba, wafungulie kazi waione kwa macho yao, wasomee hata sentensi mbili. Waambie: kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana niko kazini, kabla na baada ya hapo mimi ni wenu. Pesa ya kwanza ikifika, hata ikiwa ndogo, nunua unga na mafuta uyaweke mezani. Baada ya hapo mama mwenyewe ndiye atakayewafukuza watoto wasikupigie kelele.

Nimalizie na jambo lililo moyoni mwangu kuliko yote.

Wale wa kisiwani walichagua kuhama. Sisi wa Fizi tumehamishwa. Wengi wenu mmezaliwa upande ule wa ziwa kwa sababu mama zenu walivuka na boti usiku, na baadhi yenu mmebeba godoro kichwani zaidi ya mara moja. Tumeacha mashamba ya muhogo yakiwa na mizizi ardhini. Tumeacha nyavu, maduka na cherehani. Ndiyo maana nawasihi mjifunze kazi hii. Kwa mtu wa Koh Phangan, kazi inayobebeka inamwezesha kubadilisha ufukwe. Kwa binti wa Baraka, ni mali pekee ambayo risasi ikilia haibaki nyuma. Wateja wako, jina lako zuri na ujuzi wako vitavuka ziwa pamoja nawe hadi Kigoma, na vitarudi pamoja nawe amani ikirudi. Kwa hiyo hifadhi kazi zako na nakala za vyeti vyako mtandaoni, na neno la siri ulishike kichwani.

Ukishajenga hivyo, siku moja ukitaka kwenda kisiwani kwa viza yako, kwa pesa yako na kwa tiketi ya kurudi, nitakuja mwenyewe kukusindikiza. Lakini hata hapo, kabla hujaondoka, kaa ufukweni jioni utazame milima ya Ubwari inapogeuka bluu, wavuvi wakiwasha taa zao. Watu wangelipa pesa nyingi wakae mahali kama hapa, kama kungekuwa na utulivu.

Kwa sasa nakuomba mambo mawili kabla ya Jumapili. Mwonyeshe mama yako ule ujumbe wa yule mtu. Kisha chukua ukurasa mmoja wa Kifaransa, uutafsiri kwa Kiswahili ambacho bibi yako ataelewa, umsomee. Akielewa bila kukuuliza, umeshaanza kazi.