Michezo ya Simu na Uhuru wa Mkristu

Wakatekista wenzangu, na ninyi wazazi mnaosoma kurasa hizi, somo la mwezi huu lawahusu hasa vijana wanaojitayarisha kupokea Kipaimara. Kila anayewafundisha amekwisha kuona jinsi macho yao yanavyozama katika simu hata kengele ya Misa inapolia.

Tuanze kwa kusema kweli: kucheza si dhambi. Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba roho ya mtu huchoka kama mwili unavyochoka, na kwamba mchezo wa kiasi ndio pumziko lake. Anayewaambia watoto kwamba kila mchezo wa simu ni kazi ya shetani anawakosesha, kwani watoto ni wepesi kutambua maneno yaliyopita kiasi, na siku atakaposema la kweli hawatamsikiliza.

Swali: Basi, mchezo hugeuka kuwa ubaya wakati gani?

Jibu: Hapo mtu anapoacha kuutawala mchezo, na mchezo ukaanza kumtawala mtu.

Ndivyo Mtume Paulo alivyowafundisha Wakorintho: vitu vingi vyaruhusiwa, lakini yeye hatakubali kuwekwa chini ya amri ya kitu chochote. Waganga wa siku hizi nao wamefikia neno lililo karibu na hilo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya magonjwa, na orodha hiyo ilianza kutumika mwezi wa Januari 2022. Dalili zake ni hizi: mtu hawezi tena kujizuia, mchezo watangulia mbele ya kazi, masomo na jamaa, naye huendelea ingawa aona wazi hasara yake. Hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu miezi 12. Kwa hiyo mtoto aliyecheza Jumapili nzima siku ya mvua asiitwe mgonjwa.

Yatupasa tuelewe pia jinsi mitego hii inavyosukwa. Mpira wa miguu una dakika 90 na filimbi ya mwisho. Bao lina mshindi, kisha watu huenda nyumbani. Mchezo wa simu mara nyingi umetengenezwa usiishe. Katika ule wa kupanga peremende, uliotoka mwaka 2012, mchezaji hupewa nafasi tano. Akishindwa hupoteza moja. Zikiisha zote, hana budi kungoja dakika 30 ili apate moja, au alipe. Mlango ni wa bure, lakini anayekosa subira hulipishwa. Katika mchezo mwingine, unaopendwa sana kwa sababu huenda hata kwenye simu za bei ndogo, watu 50 hushuka katika kisiwa na kupigana hadi abaki mmoja. Baada ya dakika kumi hivi yote yamekwisha, na aliyekufa aanza upya mara moja. Nani atasema kwamba dakika kumi ni nyingi? Lakini kumi huita kumi nyingine, na jogoo awika.

Wataalamu wa Marekani waliyajua mambo haya kabla ya simu hizi kuwako. Mwaka 1957 Skinner na Ferster walitoa kitabu kikubwa juu ya majaribio waliyofanya kwa njiwa. Njiwa anayepata punje mara kwa mara, bila kujua ni lini itaanguka, hudonoa bila kuchoka kuliko yule anayeijua saa yake. Hapo yaeleweka nguvu ya michezo ya fedha, kama ule wa kindege kinachopaa huku faida ikikua, kisha hutoweka ghafula na fedha za asiyewahi kuitoa. Juu ya michezo ya kubahatisha, Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha kwamba yenyewe haivunji haki, lakini haikubaliki inapomnyang'anya mtu kile kinachohitajiwa kwa riziki yake na ya wenzake. Mama aliyebeba viazi mgongoni hadi sokoni apate faranga za shule, na mwanawe akazimaliza kwa kindege, hana haja ya maelezo marefu juu ya fundisho hilo.

Hapa naomba tusiwe wepesi wa kulaumu. Mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga ilipotekwa, jamaa nyingi zilikimbilia kaskazini, upande wa Lubero na Butembo. Kijana aliyepoteza shamba, darasa na rafiki zake hupata katika simu mahali pa pekee ambapo ajua sheria, na ambapo akishindwa huruhusiwa kujaribu tena. Ni jambo la kuhuzunisha kumwona mtoto aliyekimbia mlio wa bunduki akishika bunduki ya kioo. Lakini kabla ya kumkaripia, tujiulize parokia imempa nini kingine cha kushika.

Sasa, yeye mwenyewe atakapo kuacha, afanyeje? Mapadre Waasumpsionisti, waliofika katika nchi yetu mwaka 1929, hufuata Kanuni ya Mtakatifu Augustino, na Augustino ametuachia katika Maungamo yake habari inayofaa sana. Rafiki yake Alipio alichukia michezo ya Roma ambamo watu waliuana mbele ya watazamaji. Siku moja wenzake walimvuta hadi uwanjani kwa nguvu. Akawaambia kwamba wangeweza kuuburuta mwili wake, lakini si macho wala moyo. Akakaa, akafumba macho. Ghafula umati ukapiga kelele. Alipio akafumbua macho, kwa kutaka kujua tu, na tangu saa ile akawa mtumwa wa michezo, hata akawa ndiye anayewavuta wengine. Augustino asema kwamba alijitegemea mwenyewe kuliko kumtegemea Mungu. Lakini hakupotea: alibatizwa pamoja na Augustino huko Milano katika Pasaka ya mwaka 387, akawa askofu wa Tagaste.

Wengi wa vijana wetu hufanya kama Alipio. Husema, "Nitaacha," na mchezo wauacha katika simu. Nafasi ya dhambi isipoondolewa, kusudi njema halidumu. Mchezo ufutwe, mega zisinunuliwe kwa wiki kadhaa, na mtu mmoja wa kuaminiwa ajue. Tena, msiwaapishe vijana mbele ya altare. Kiapo kikivunjika, kijana huona aibu mara mbili, kisha hukimbia kanisa badala ya kuukimbia mchezo. Katekisimu yakumbusha pia kwamba mazoea yaweza kupunguza lawama ya mtu. Kwa hiyo Padre atampokea kwa upole zaidi kuliko anavyodhani.

Mahali palipofagiwa pasibaki patupu, kama Bwana wetu alivyoonya juu ya nyumba ile ambayo pepo aliirudia na wenzake saba. Mtakatifu Kamilo wa Lellis alipoteza mali yake yote kwa kamari mwaka 1574. Mwaka uliofuata aliongoka alipokuwa kibarua wa Wakapuchini, kisha akayatoa maisha yake kuwauguza wagonjwa. Na Karolo Akutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alipenda sana michezo hii, lakini alijiwekea saa moja tu kwa juma. Vijana wahusudu jambo hilo kuliko miujiza yake.

Kijana akianguka tena siku ya Alhamisi, asingoje Pasaka. Aje kwa Padre siku ya kitubio iliyo karibu. Nanyi, makatekista, msimwulize, "Mara ngapi?" Mwulizeni ilikuwa saa ngapi, na simu ilikuwa wapi. Mara nyingi atajibu kwamba ilikuwa usiku, kitandani, chini ya blanketi, kwa sababu ya baridi. Basi zungumzeni na mama yake, ili tangu jioni ile simu ilale katika chumba cha wazazi.