Mbona Hujapiga na Maji?

Muhula uliopita, sisi wanachuo tunaopenda kupiga picha kwa simu tulijiwekea shindano la kirafiki. Mada: daraja. Kila mtu picha moja, mshindi ananunuliwa chipsi kuku na wenzake. Kama unavyodhani, nyingi zilikuwa za Daraja la Nyerere pale Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, na Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022. Nyaya, taa za usiku, bahari. Nzuri kweli, ila ukishaona kumi hujui tena ipi ya nani.

Mimi nilikwenda nyumbani, Marui, wilayani Kisarawe. Daraja letu ni magogo mawili yaliyolazwa juu ya korongo. Ilikuwa Februari, korongo kavu. Nilifuata yote tunayoshauriana: nikaenda saa 12 na nusu asubuhi jua likiwa bado chini, nikashuka korongoni ili magogo yawe na anga nyuma yake, nikayapanga yaanzie kwenye kona ya picha ili jicho lisafiri nayo hadi ng'ambo. Nikajisemea, chipsi hizo zangu.

Mdogo wangu wa darasa la nne akaitazama simu. "Dada, mbona hujapiga na maji?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Yeye hupita hapo kila siku kwenda shule. Masika korongo likijaa, hapiti. Picha yangu ilionyesha magogo yenye mwanga mzuri; haikuonyesha kwa nini yaliwekwa pale.

Somo nililopata ni hili. Kabla hujabonyeza, jiulize maswali matatu: daraja hili linavuka nini, nani anapita, na asipopita anakosa nini? Swali la kwanza linataka urudi nyuma mpaka kingo zote mbili zionekane. La pili linataka usubiri mtu apite; bila mtu, hata Daraja la Mkapa kule Rufiji huwezi kujua ukubwa wake. La tatu ndilo gumu, maana mara nyingi linataka urudi siku nyingine.

Nilirudi Aprili. Maji yalikuwa yamepita juu ya magogo. Sikusogea karibu, na wewe usithubutu. Hakuna picha ya kufia. Nilisimama kwenye mwinuko, nikapiga watoto watatu kwa nyuma, viatu mkononi, wakitazama ng'ambo. Nyuso hazionekani, na wazazi wao niliwaomba ruhusa kwanza. Mwanga ulikuwa hafifu, mawingu matupu. Ya daraja ilionekana ncha ya gogo moja tu.

Kwenye shindano nilishika nafasi ya nne. Aliyeshinda alipiga Tanzanite usiku na alistahili. Hela ya chipsi nilichanga. Lakini mwenyekiti wa kijiji aliomba picha yangu aiambatanishe na barua ya kuomba kivuko cha waenda kwa miguu. Majibu tunayasubiri. Nilimwonyesha na ile ya Februari, nikijua ndiyo nzuri zaidi. Akaitazama, akanirudishia simu.

"Hii hapana, mwanangu. Hii inaonyesha hatuna shida."

Mada ya shindano lijalo ni kituo cha daladala. Nenda mara mbili.